Hamsini kwa Bila

Kila muhula wa michezo, kwenye viti vya nyuma vya basi la shule linalotoka Nakuru, kuna hesabu inafanywa. Inaenda hivi: sisi tuliwafunga hawa kwa tofauti ya pointi kumi na mbili. Hawa waliwafunga wale kwa saba. Wale walifungwa na timu tunayoenda kucheza nayo leo, lakini kwa tatu tu. Kwa hivyo tunashinda kwa kumi na sita. Mtu anapiga dirisha kwa furaha, wimbo unaanza, na dereva anaangalia kioo akitikisa kichwa. Ikifika saa kumi jioni hesabu hiyo imeshakufa zamani, na waliyoifanya wamelala kwenye nyasi wakitafuta pumzi.

Nilicheza winga kwa miaka miwili katika shule moja ya Nakuru, na hesabu hiyo niliifanya mimi mwenyewe mara nyingi. Sasa hivi sichezi, chuo niliacha, naandika. Lakini swali lile la viti vya nyuma halijaniacha: unampimaje mpinzani ambaye hujawahi kumwona? Na ukishapimwa naye, je, alama uliyopewa inakuhusu wewe kweli?

Raga ya Kenya ina majibu, ila yamelala kwenye matokeo ya zamani ambayo watu huyataja kwa fahari bila kuyasoma vizuri. Tuyasome.

Tuanze na kombe. Mwaka 1928 wanamaji wa meli ya kivita ya Uingereza iitwayo HMS Enterprise walicheza raga humu nchini, na kama shukrani wakaacha kombe. Ndilo hilo Enterprise Cup ambalo vilabu vyetu vinaligombea hadi leo. Meli yenyewe iliuzwa kama vyuma chakavu mwaka 1946, lakini zawadi yake bado inainuliwa na vijana ambao babu zao hawakuruhusiwa hata kukanyaga viwanja vile ila kwa kukata nyasi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika raga yetu mgeni alikuja, akacheza, akaacha kikombe cha kupimia, na wenyeji wakaendelea kupimana nacho.

Miaka hiyo Nakuru ilikuwa mji wa wakulima Wazungu. Reli ilifika hapa 1900, mashamba makubwa yakafuata, na klabu zikafuata mashamba: farasi, kriketi, tenisi, raga. Ukienda Nakuru Athletic Club leo Jumamosi ya mechi utakuta nyama choma, muziki, watoto wanakimbia na mpira wa plastiki, na mashabiki wa Nakuru RFC wakimfokea refa kwa Kiswahili, Kikuyu na Kikalenjin kwa pumzi moja. Ni vigumu kuamini kwamba uwanja kama huu ulijengwa kwa ajili ya watu wachache waliotaka Jumamosi yao ifanane na ya kwao Uingereza.

Watu hao walikuwa na tatizo lile lile la basi la shule. Walicheza wao kwa wao, Nairobi dhidi ya Bonde la Ufa, maafisa dhidi ya walowezi, miaka nenda miaka rudi. Utajuaje kama wewe ni mkali ikiwa unacheza na majirani tu? Unahitaji mgeni. Bahati yao, Nairobi ilikuwa njiani. Timu kubwa za Uingereza zilizosafiri Afrika Kusini zingeweza kusimama hapa, na zilisimama zaidi ya mara moja.

Chukua 1955. British Lions, kikosi cha pamoja cha Uingereza, Wales, Uskoti na Ayalandi, walikuwa wakirudi nyumbani kutoka Afrika Kusini. Walicheza Nairobi na timu ya Afrika Mashariki, wakashinda 39–12. Kisha 1962, Lions wengine, safari ile ile ya kurudi. Safari hii ilikuwa 50–0. Hamsini kwa bila. Kisha Mei 1964, Wales ikiwa inaelekea kusini, si kurudi. Wales ilishinda 26–8.

Sasa fanya hesabu ya basi. Mwaka 1955 tofauti ilikuwa 27. Mwaka 1962 ikawa 50. Mwaka 1964 ikawa 18. Mtu wa haraka atasema: Lions wa 1962 walikuwa moto kuliko wa 1955, na Wales ilikuwa dhaifu kuliko wote. Ukisema hivyo umeliwa.

Lions wa 1955 ndio waliokuwa wakali. Kule Afrika Kusini walicheza mechi nne za kimataifa na wenyeji wao, wakashinda mbili na kupoteza mbili. Ile ya kwanza waliishinda 23–22 mjini Johannesburg, mechi ambayo wazee wa raga bado wanaizungumzia. Lions wa 1962 hawakushinda hata moja kati ya nne: sare moja, vipigo vitatu. Yaani kikosi kilichotoka sare na mabingwa wa kusini kilitufunga kwa 27, na kikosi kilichochapwa kilitufunga kwa 50.

Kwa hivyo kilichobadilika zaidi kati ya 1955 na 1962 kilikuwa upande wa Nairobi. Tazama miaka yenyewe. Timu ya Afrika Mashariki ilikusanywa kutoka kwa walowezi, wanajeshi na maafisa wa serikali ya kikoloni, watu wanaokuja na kuhamishwa. Kufikia 1962 Tanganyika ilikuwa imeshapata uhuru, Uganda ilikuwa inaupata mwaka huo huo, na Kenya ilikuwa mezani Lancaster House. Wakulima wengi wa Bonde la Ufa walikuwa wanauza mashamba na kufunga masanduku. Mimi nikiiangalia ile hamsini kwa bila sioni tu mabao. Naona jamii nzima inayoondoka, na mashati kumi na tano yanayotafuta watu wa kuyavaa.

Ongeza jambo moja ambalo vijana wa siku hizi hulisahau. Wakati huo trai ilikuwa pointi tatu. Ilipanda hadi nne mwaka 1971, kisha tano mwaka 1992. Mkwaju wa baada ya trai umebaki pointi mbili. Trai kumi zilizobadilishwa zilikuwa pointi 50 wakati ule. Leo zingekuwa 70. Ukilinganisha matokeo ya babu na ya mjukuu bila kubadilisha sarafu, ni sawa na kusema mkate ulikuwa rahisi zamani kwa sababu ulinunuliwa kwa senti.

Halafu kuna Wales, na hapa ndipo somo linapouma upande wa pili. Wales iliondoka Nairobi na ushindi wa 18 mkononi. Mwezi huo huo, mjini Durban, Afrika Kusini iliifunga 24–3. Kwa viwango vya wakati ule hicho kilikuwa kipigo kikubwa sana, na kilitikisa raga ya Wales kiasi kwamba wakubwa wao walirudi nyumbani wakaanza kujenga mfumo wa kufundisha makocha. Miaka michache baadaye Wales ikawa moja ya timu bora kuwahi kutokea. Waliokuwa wamepanda ndege Nairobi wakijiona wako sawa walikuwa wamepimwa kwa kipimo kisichofaa. Mechi rahisi huongopa vizuri kuliko mechi ngumu, kwa sababu hakuna anayeiuliza maswali.

Lakini nirudi kwa swali langu la pili: alama ile ilimhusu nani? Timu iliitwa Afrika Mashariki. Mwaka 1955 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, maelfu ya watu wakiwa kambini, na shule zilizofundisha raga, kama Prince of Wales na Duke of York kule Nairobi, zilikuwa za watoto wa Kizungu. Hizo sasa ni Nairobi School na Lenana, na sote tunazijua. Kwa hivyo vijana wa Njoro, Molo, Gilgil au Bahati walipimwa vipi siku ile? Hawakupimwa. Jina lao lilitumika, miili yao haikuwepo uwanjani. Nikisikia mtu akisema "Kenya tulipoteza 50–0 kwa Lions," huwa nauliza: tulikuwa nani, buda?

Mizani yetu wenyewe imeanza kusoma baadaye sana. Kenya ilijiunga na shirikisho la raga la kimataifa mwaka 1990. Kuanzia hapo mwelekeo uligeuka. Mgeni hakuwa tena anasimama Nairobi kunyoosha miguu. Sisi ndio tukawa tunapanda ndege. Na tukajifunza, kwa gharama, kwamba kusafiri nako kuna uongo wake.

Chukua 2016. Mwezi wa Aprili, Singapore, Shujaa wetu wa wachezaji saba walishinda taji lao la kwanza la mfululizo wa dunia kwa kuifunga Fiji 30–7 kwenye fainali, Benjamin Ayimba akiwa kocha. Nchi nzima ilipiga kelele. Nakuru mathree zilipiga honi kana kwamba ni harusi. Miezi minne baadaye ilikuwa Olimpiki ya Rio. Fiji, ile ile tuliyoiweka chini kwa 23, ilitwaa dhahabu. Kenya ilimaliza ya 11. Katika kundi tulifungwa hata na Japan, na Japan hiyo ikaishangaza New Zealand na kumaliza ya nne. Ushindi wa Singapore ulikuwa wa kweli, hakuna anayeweza kuufuta. Ila ulipima wikendi moja ya Aprili.

Au chukua 2018, raga ya kumi na tano. Tulikuwa wa pili Afrika. Namibia ilitufunga 53–28 Windhoek mwezi wa Agosti, ikachukua tiketi ya Kombe la Dunia, na sisi tukaenda Marseille, Ufaransa, kupigania nafasi ya mwisho. Ungefanya hesabu ya basi ungesema: Namibia ni wakali, sisi tumewafunga 28, basi tuko karibu. Canada ikatufunga 65–19. Ujerumani, nchi ambayo mtu wa kawaida hajui kama inacheza raga, 43–6. Hong Kong, 42–17. Kuwa wa pili barani kulitueleza tuko wapi barani. Hakukutueleza chochote kuhusu Wajerumani.

Ila sikiliza hili. Aprili 2019, hata miezi minane haijaisha tangu Windhoek, vijana wetu wa chini ya miaka 20, Chipu, waliifunga Namibia 21–18 Nairobi, wakakata tiketi ya mashindano ya dunia ya daraja lao kule Brazil. Wengi wao walikuwa wametoka shule za sekondari jana tu. Nchi ileile, jezi zilezile, majibu tofauti kabisa. Kama wakubwa walikuwa nyuma ya Namibia kwa 25 na wadogo wako mbele kwa tatu, basi pengo halizaliwi nasi. Linaingia kati ya miaka 20 na 26: wakati mwenzako wa Windhoek ana mkataba Afrika Kusini, na wewe uko Section 58 unatafuta kazi ya mkono, unafanya mazoezi saa kumi na mbili jioni ukiwa umeshinda na chai na andazi.

Hapo ndipo suala hili linaacha kuwa la matokeo ya zamani. Kijana wa shule akijua nguvu zake halisi, anaweza kuamua: nitafute ufadhili, nibaki na klabu, au niweke kiatu chini nisome. Asipojua, ataamuliwa na maneno ya watu.

Nilipokuwa kidato cha tatu, shule yangu, ambayo sitaitaja, ilipata mwaliko wa kwenda Uingereza likizo ya Desemba kucheza na shule nne. Tulichanga pesa za kutangulia. Jumamosi moja tulienda saiba karibu na Kenyatta Avenue, watu sita kompyuta moja, kuwatazama wapinzani wetu. Picha zilikuwa za vijana wenye shingo kama za ng'ombe wa maonyesho. Fowadi wetu mmoja aliweka rula kwenye skrini akijaribu kukadiria mabega. Tukatafuta matokeo yao: wameifunga shule fulani arobaini na kitu. Shule hiyo ni nani? Imemfunga nani? Hesabu ya basi ilikwama hapo. Kati ya Nakuru na kaunti ile ya Uingereza hapakuwa na mpinzani hata mmoja tuliyewahi kukutana naye sote. Mnyororo haukuwa na pete ya kuunganisha.

Safari haikufanyika. Tiketi ya mtu mmoja ilikuwa zaidi ya karo ya miaka miwili nyumbani kwetu, na wazazi walipohesabu wakanyamaza. Pesa za kutangulia zilirudishwa nusu, nusu nyingine ikaitwa gharama za maandalizi. Lakini hata leo najiuliza tungepimwaje. Huku kwetu raga ya kumi na tano huchezwa muhula wa kwanza, na muhula wa pili ni ya saba. Desemba tungekuwa na miezi minane hatujasukuma skramu ya maana. Wao msimu wao huanza Septemba. Desemba wangekuwa wameiva. Sisi tunaishi mita 1,850 juu ya bahari, na mapafu yetu yangetusaidia kipindi cha pili. Matope ya baridi yangetunyang'anya mbio kipindi cha kwanza. Tungefungwa thelathini, tungerudi tukisema sisi ni wabovu. Au tungeshinda mmoja wao aliyechezesha kikosi cha pili, tungerudi tukisema Wazungu ni bure. Majibu yote mawili yangekuwa upuzi.

Kwa shule nyingi za umma za Bonde la Ufa, ziara halisi ya ng'ambo ni basi hadi Malaba. Michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, huzunguka kutoka nchi moja hadi nyingine, na Uganda ina shule zenye mizizi mirefu ya raga, kama Namilyango na King's College Budo. Hiyo ndiyo pete yetu ya mnyororo. Tusiidharau kwa sababu haina ndege. Mganda aliyekufunga Kampala utakutana naye tena mwakani, na mwaka unaofuata, na kipimo kinachorudiwa ndicho kipimo. Lions walikuja Nairobi mara mbili katika miaka saba, na tumeona jinsi walivyotuacha na namba mbili zinazogombana.

Nikiulizwa leo na mwalimu wa raga anayepeleka vijana nje, nitamwambia aulize maswali manne kabla ya kuuliza "wamemfunga nani". Wana umri gani kweli, maana huku kwetu tunajua kidato cha nne kinaweza kuwa na ndevu za kinyozi. Wamecheza pamoja kwa muda gani. Wako wapi katika msimu wao. Na wamekuchezeshea kikosi gani, cha kwanza au cha mgeni. Baada ya hapo aangalie mambo ambayo ubao wa matokeo hauandiki: nani alishinda skramu tano za kwanza, nani alikuwa anatembea dakika ya sitini, mpira wetu ulipotea mara ngapi tukiwa tumeushika wenyewe. Timu inaweza kufungwa ishirini ikiwa imeshinda vitu hivyo vyote isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kikawa kitu cha kufundishika.

Halafu aandike. Hili ndilo linaniuma zaidi. Ukiniuliza Lions walitufunga ngapi 1962 nakujibu usingizini, kwa sababu mgeni aliandika. Ukiniuliza nani aliifunga Menengai High au Njoro Boys mwaka niliozaliwa, na kwa ngapi, utaambiwa uende kumtafuta mwalimu mstaafu aliyeko shambani, na yeye atakumbuka trai aliyoipenda na kusahau mengine. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021. Ina vilabu viwili vya Kenya Cup, Nakuru RFC na Menengai Oilers, na Nakuru RFC ilitwaa kombe hilo 2013 na 2014. Wachezaji wake hutoka shule zile zile ambazo hazina hata daftari la matokeo.

Daftari la kurasa mia mbili ni bei ya chapati chache. Tarehe, mpinzani, umri, uwanja, mvua au jua, pointi, nani aliumia, nani alimaliza. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza, yule asiyechaguliwa hata benchi, anaweza kupewa kazi hiyo. Mpeni kalamu na kiti cha mbele kwenye basi, mbali na wale wa nyuma na hesabu zao.